Orodha Iliyokosa Pa Kutanukia

Nilishapunguzwa kazi serikalini mara moja, sikutaka kupunguzwa tena. Kwa hiyo yule tajiri wa mahindi hapa Songea aliponunua kompyuta kuukuu na kuniambia, "Ikigoma msimu huu, wewe na yenyewe mnaondoka," nilimwelewa vizuri sana.

Nilimwandikia programu ya kupokea wakulima: jina, kijiji, kilo. Sikujua watakuja wangapi, basi nikaiacha orodha itanuke yenyewe. Ikijaa, inaomba sehemu mpya kwenye kumbukumbu ya mashine, kubwa mara mbili, inanakili majina yote huko, ndipo inaiachia ile ya zamani. Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku foleni ilipofika barabarani, mashine ikaganda. Nikazima, nikawasha. Majina yote ya tangu asubuhi yamepotea, maana nilipanga kuyahifadhi kwenye diski jioni. Tajiri akaamuru magunia yapimwe upya. Watu walikuwa wamesukuma baiskeli toka Maposeni. "Jamani, mnatufanya watoto?" mama mmoja akanifokea, na hakukosea.

Nilikaa pale nimechoka hoi, natafuta kosa. Loo, kumbukumbu ilikuwa haijajaa hata nusu! Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kuhama. Hata mimi nilipohama kule Bombambili, vyumba vya zamani sikuviachia mpaka kitanda kilipotoka. Siku hizo nilikuwa mpangaji wa nyumba mbili. Orodha nayo ilishika sehemu mbili kwa pamoja, ya zamani na nyingine mara mbili yake, na mashine haikuwa na nafasi ya zote. Dawa ilikuwa nyepesi mpaka ikaniudhi: kuomba sehemu kubwa mara moja, kabla hajaja mtu.

Nilipoinua kichwa, mnunuzi mwingine alikuwa ameegesha lori ng'ambo ya barabara, ametundika mizani, ananunua. Foleni yetu ikahamia kwake.

Kesho yake programu ilifunguka na nafasi tele, haikusumbua. Nikakaa, nikasubiri. Akaja mjomba wangu peke yake, kutoka Mpitimbi, na magunia matatu.

"Shikamoo, mjomba. Wenzako wako wapi?"

"Marahaba. Niliwaambia hapa yupo mwanangu. Wakacheka tu, wakavuka."

Nikaandika jina lake. Tajiri akachungulia kwenye kioo cha kompyuta, akaona jina moja juu na weusi mtupu chini.

"Mpimie mzee," akasema. "Halafu zima hiyo mashine, unipe ufunguo wa ofisi."