Michezo ya Siku ya Mvua

Mwalimu Walburga hakuiogopa mvua yenyewe. Aliogopa mvua inayokuta kengele ya mapumziko.

Nilifika shuleni kwake, vijijini upande wa Lusewa, Januari 1996, moja kwa moja kutoka chuoni. Nilipewa darasa la tano. Yeye alikuwa na la nne, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa na tundu la kupitisha mkono, kwa hiyo kila kilichosemwa kwake nilikisikia kwangu.

Asiyelima tumbaku hawezi kujua siku ya mvua ina maana gani huku. Miche hupandikizwa ardhi ikiwa imelowa, na ikishang'olewa kitaluni haisubiri kesho. Siku hiyo kila mkono unahitajika, na mkono wa mtoto ndio ulio karibu zaidi na ardhi. Zamani mashamba yalikuwa madogo. Kisha ruzuku ya mbolea ikaondolewa, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, na kila kaya ikaongeza matuta ili ibaki pale pale ilipokuwa. Hilo ndilo waliloliita soko huria. Sijui nani alikuwa huru.

Basi mvua ikinyesha wakati wa mapumziko, watoto walitorokea mashambani, na hisabati ilikuwa baada ya mapumziko. Kuihamisha haikuwezekana: vitabu vilikuwa vinane kwa madarasa matatu, na zamu ya la nne ilikuwa saa hiyo. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na sita. Siku ya mvua Mwalimu Walburga aliwafundisha watoto tisa kugawanya, na kesho yake akaanza upya kwa wale wengine, hadi mwaka ukaisha bila yeyote kujua kugawanya.

"Fimbo nimeitumia miaka ishirini na miwili," aliniambia. "Inafukuza tu. Mtoto hukaa penye mchezo."

Alianza na kombolela, humo humo darasani. Mmoja alifumba macho akahesabu, wengine wakajificha. Alipofumbua, darasa lilikuwa na watoto sita. Wengine wote walikuwa wamekwenda kujificha kwenye tumbaku.

"Mwalimu, niwatafute?" aliuliza aliyekuwa akihesabu.

"Wewe unajua walipo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hata mimi baba ananingoja huko."

Walimu tulicheka siku nzima ofisini. Yeye alicheka nasi kidogo, kisha akachukua chaki akaenda zake.

Akajaribu nyimbo za kuzunguka kwa duara, ila walijikwaa kwenye madawati mabovu, na vishindo vyao vikawaangushia vumbi la dari. Akajaribu mdako, wa kurusha na kudaka kokoto. Wasichana walinogewa, wavulana wakasema huo ni wa kike, wakatoka. Mwishoni akaja na jembe. Sakafu ilikuwa ya udongo, basi akachimba bao chini, kandokando ya kuta zote, mashimo manne kwa manane, mabao kumi na moja, na kila mtoto akaleta kete zake za kokoto. Sheria yake ilikuwa moja: mchezo usioisha wakati wa mapumziko hauvunjwi, utaendelea baada ya hisabati.

Mvua ya kwanza walibaki thelathini. Ya pili walibaki wote.

Nilichungulia tunduni. Ekaristia, msichana mwembamba asiyekuwa na viatu, alikuwa amembana Majidi kwenye bao.

"Unahesabu kwa vidole kama unakamua ng'ombe," alimwambia.

"Ngoja kete yangu ya mwisho ilale hapa kwanza, utalia."

"Ukilala hapo nakula kete zako nane. Gawa kwa mashimo nane, zinazobaki zikuonyeshe unaishia wapi."

Mwalimu Walburga alisikia neno hilo, gawa. Aligeukia ubao akaliandika. Kwa wiki mbili hakuna mtoto wa la nne aliyetoroka, na mimi niliamini, kama nilivyofundishwa kuamini, kwamba mwalimu mmoja anatosha.

Kumbe tulikosea hapo hapo. Mtoto mmoja mmoja akitoroka, hakuna anayelisema: mzazi hakumtuma, mwalimu hakumwona. Huo ndio uliokuwa mkataba wa kijiji bila maandishi. Walipobaki wote, miche ilinyauka, na baba zao wakalazimika kuuliza kwa sauti.

Mzee Kajetani, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuja na matope hadi magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mzee," akaitikia Mwalimu Walburga.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona hilo bao linaloshinda tumbaku." Akainama. "Hata wasichana? Bao la wazee baada ya kazi, leo wanacheza watoto kabla ya kazi."

"Wanajifunza hesabu, mzee."

"Hesabu ninayo mimi. Daftari unalolidai wewe linatoka wapi? Sare? Michango? Nitajie kimoja ambacho hakitoki kwenye jani lile."



Kamati ilikaa Ijumaa. Nilisimama nikasema yote niliyokuwa nayo, juu ya haki ya mtoto na taifa linalokula mbegu yake. Mwalimu Mkuu, Rupert, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kijana, ukioa utaelewa." Wakaamua: siku ya mvua, Januari hadi mwisho wa kupandikiza, shule itafungwa saa ya mapumziko. Ikaandikwa na kupigwa muhuri. Jambo ambalo kwa miaka ishirini lilikuwa kosa la watoto sasa likawa ratiba.

Jumatatu ikanyesha. Kengele ikagongwa, na watoto wakatoka kwa mistari, bila kukimbia, maana hapakuwa na wa kumkimbia. Ekaristia alichelewa juu ya bao.

"Mwalimu, zamu yangu. Nivunje?"

"Nenda, mama yako anangoja."

"Lakini nilikuwa nashinda."

"Najua."

Wakabaki watoto watatu: wawili wa Mwalimu Mkuu na mmoja wa mganga wa zahanati. Kwao hakukuwa na tumbaku, kulikuwa na mshahara. Mwalimu Walburga aliwatazama, akayatazama madawati, na nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Aligawa vitabu vinane kwa watoto watatu, akaandika ubaoni hesabu ya kugawanya, akaanza kufundisha kwa sauti ile ile ya darasa la watu arobaini na sita.

Mimi upande wangu sikuwa na mwanafunzi. Nilikaa nikamsikiliza kupitia lile tundu mpaka mvua ikakatika.