Nilimtungia Jirani Yangu Mauaji, Sasa Uji Wake Hakuna Anayeunywa

Admin nifichie jina, na nyie mtakaosoma msianze na matusi, kila mmoja wenu ana bibi yake. Nina miaka sitini na nane, mjane, naishi Makoko hapa Musoma, naanikaga dagaa. Shule niliishia darasa la nne lakini kusoma najua, na hiki naandika mwenyewe kwa kidole changu.

Mjukuu wangu anasomea ualimu Bunda. Alikuja likizo na vitabu vya mauaji, vile vya mpelelezi. Nikasoma vitatu, nikamwambia hata mimi naweza. Akacheka, lakini akanifundisha. "Bibi, kwanza ujue muuaji ni nani, ndiyo urudi nyuma umfiche. Halafu weka mtu mwingine wa kushukiwa, wasomaji wamkimbilie huyo." Hilo la kwanza nililipuuza, nikasema muuaji nitamkuta mbele. La pili nililipenda sana.

Wa kushukiwa sikumtafuta mbali. Nina jirani, tumwite Mama Pendo, anauzaga uji wa ulezi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Siku moja kwenye sala za jumuiya nilipewa somo la Biblia nisome, nikakwama kwenye jina la mji. Akacheka mpaka akajifunika kitenge. "Dada, rudi shule uanze la tano!" Jumuiya nzima ikacheka. Sijamsamehe, sitaki kuwadanganya.

Basi kwenye hadithi yangu tajiri wa mitumbwi anakufa baada ya kunywa uji. Muuza uji anaburuta mguu wa kushoto, ana jagi la kijani. Ni yeye mtupu, jina tu nimebadilisha. Kila tukianika dagaa nawasomea wenzangu kurasa mbili tatu. Walinipenda jamani! Wakaniita mwandishi. Nikiona wanamshuku, naongeza: leo kanawa mikono mara tatu, kesho kafukia kitu nyuma ya choo.

Wateja wake wakaanza kupungua. Mmoja akaniambia, "Najua ni hadithi, lakini bibi wewe hutungi bure, kuna unachokijua." Sikumkatalia. Nilitabasamu tu, nikajiona mkubwa.

Juzi kulikuwa na msiba Kamunyonge. Mama Pendo akaleta ndoo ya uji. Wakaipokea, wakashukuru, wakaenda kuumwaga mtaroni na yeye anaangalia. Mbwa akasogea kulamba, mama mmoja akamfukuza, "Toka, utakufa!" Watu wakacheka msibani.

Akaja kwangu. Hakukaa. "Dada, waambie muuaji ni nani."

"Kitabu hakijaisha."

"Basi kimalize."

"Mwandishi haharakishwi."

"Dada, nina wajukuu wanne wanakula kwa hilo jagi."

Nikamwambia, "Si ulikuwa unacheka? Cheka." Akaondoka anaburuta mguu.

Kesho yake roho ikanisuta kidogo, nikaandika muuaji ni shemeji wa tajiri, katokea Butiama. Nikawasomea. Wakanizomea! "Bibi umehongwa! Huyo shemeji alikuwa wapi siku zote? Na mikono iliyonawiwa? Na kilichofukiwa chooni?" Nikajaribu muuza nyavu, wakamkataa. Dalili zote nilimtupia mtu mmoja kwa ubaya wa moyo, sasa hazigeuki. Nikampigia mjukuu simu, kanijibu, "Bibi, si nilikwambia uanze na muuaji?" Huyo naye hana adabu.

Mama Pendo anafunga mizigo, Jumamosi anarudi kwao Suguti. Mwisho watakaouamini umebaki mmoja, na nimeshauandika. Muuaji ni jirani wa muuza uji, bibi kizee mwanika dagaa. Alichekwa kwa kusoma vibaya, akatia sumu kwenye jagi la mwenzake ili wamseme mwenzake. Yule maskini alinawa na kufukia kwa sababu aligundua uji umechezewa, akaogopa. Mambo yote yanakaa sawa. Ndicho kipande kizuri kuliko vyote nilivyoandika.

Nikikisoma, watanijua siku hiyo hiyo. Dagaa wangu hakuna atakayewagusa, na jumuiyani nitakaa benchi peke yangu. Nikinyamaza, yeye anaondoka, mimi nabaki mwandishi. Na sitawaficha, kuna upande wa moyo wangu unasema mwache aende.

Nyie mliosoma kunizidi, niambieni: nikisome au nikichome? Semeni upesi, leo ni Alhamisi.