Fyuzi ya Karatasi Siku ya Posa

Chekeni tu, nimezoea, maana Frere Town nzima bado naitwa Mama Mchuzi, na nikiikumbuka ile posa ya mdogo wangu Kadzo natamani ardhi inimeze, ila niacheni nifike mwisho, kuna mtu namshukuru humo.

Umeme ulikuwa umepotea, nami (najifanya fundi kwa kuwa nafanya kazi kituo cha umeme cha Kipevu, tena ya ofisini) nikaazima inveta ya jirani yetu Karisa, fundi wa redio, ili kipaza sauti kitumie betri ya gari. Karisa aliniambia fyuzi ikikatika nisiiguse, nimwite, kwani ndani mna swichi ndogo za elektroniki, na nyaya zikigusana mahali huungua kabla hujapepesa jicho. Kinga yao ni hiyo fyuzi. Nikaitikia vizuri sana.

Wageni wakafika, baba wa bwana harusi akapewa kiti, kukaa tu fyuzi ikakatika. Kumbe mguu wa kiti ulikuwa umekanyaga waya ukauchana, wala sikutazama. Niliona haya kumngoja Karisa mbele ya wakwe, nikaizungushia fyuzi ile karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara. Mzee alikuwa ameinuka kusalimu, basi sauti ikarudi, nikapigiwa vigelegele (nami nikavipokea). Akasema maneno yake mazuri, akamaliza, akakaa, kiti kikaukanyaga waya tena, na karatasi ile haikukatika kama fyuzi.

Mlio, moshi, harufu ya plastiki. Nikavuta kitambaa cha meza nizime moto, na bakuli la kuku wa nazi lililokuwa juu yake (bahati mchuzi ulikuwa umepoa) likaishia mapajani mwa mzee.

Mzee akainuka akichuruzika mchuzi, akanyofoa waya kwenye betri, ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, umeungua?"

Nikalia. Watu wake walishaanza kusimama. Akawaambia waketi, hawakuja kuposa kipaza sauti. Akaomba leso ya mama, akajifunga kiunoni, mazungumzo yakaendelea, na Kadzo akaolewa.

Karisa alipoifungua inveta alikuta swichi zote zimepasuka. Hakunigombeza; alitia nyingine, akaongeza na kifaa cha kukata umeme mara nyaya zinapogusana. Mungu amzidishie.

Siku hizi fyuzi ikikatika nakaa gizani na wageni wangu, namngoja fundi. Mtu wa kuniuliza kama nimeungua, ilhali yeye ndiye kamwagikiwa, sitegemei kumpata mara ya pili.