Nyuzi za Silikoni na Watoto wa Koku

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa tanuri. Mkuu wa Maabara, katika chuo kikuu kimoja cha ughaibuni, alinionyesha kipande cha silikoni, ile inayotengenezewa transista za redio, kikiwa na chembe za dhahabu juu yake. Alinieleza kwamba nikipitisha gesi kwenye joto sahihi dhahabu itayeyuka, na chini ya kila chembe utaota uzi wa silikoni, mwembamba kuliko unywele. Wakati huo neno nano hatukulijua, tuliziita sharubu.

Mimi ni binti wa Muleba, na mwezi huohuo redio ilitangaza kwamba vita vimeingia Kagera. Barua za nyumbani zikakatika. Nikawa naliacha tanuri kila mara kwenda kusikiliza habari, na nyuzi zangu zikatoka zimepindapinda, maana joto likiyumba kidogo uzi hugeuza njia. Mkuu aliziona kwenye hadubini. Hakunigombeza, aliniletea redio yake niiweke kando ya tanuri.

Vita viliisha, nyumbani wakiwa hai. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mtafiti kamili, kaka aliandika kwamba mdogo wetu Koku, aliyekuwa akileta samaki kutoka kisiwa cha Goziba, ameshikwa na ugonjwa uliokuwa ukimaliza nyumba za kwetu. Mkuu mpya akaniambia, "Ukiondoka sasa, mwingine atachapisha matokeo kabla yako."

Nikaondoka.

Nilimuuguza Koku wiki saba. Majirani wengi waliishia uani, wakiogopa kuambukizwa. Siku moja nikimpondea ebitoke, ndizi za kupikwa, alisema, "Dada, wanangu wasigawanywe."

Alikuwa na wasichana wawili. Nilikuwa nikiliwaza tanuri, na hadi leo naona aibu.

"Hawatagawanywa," nikasema.

Baada ya kumzika nilifundisha fizikia Bukoba, nikiwalea. Majarida ya utafiti yalinifikia kwa kuchelewa, nikayasoma nimesimama, kama mtu anayetaka kutoka. Wengine walipata sifa kwa kazi niliyoianza. Wasichana walipoingia chuo nilirudi maabara. Sharubu sasa ziliitwa nyuzi nano, na Mkuu alikuwa mtu niliyemfundisha mwenyewe kuwasha tanuri.

Sasa nimestaafu, niko Muleba. Vijana huniuliza kama najuta. Nawaambia ukweli: nikiwa maabara nilitamani nyumbani, nikiwa nyumbani nilitamani maabara, na kustaafu hakujanituliza. Lakini wasichana wa Koku huniita mama. Cheo hicho sikukiomba, na ndicho pekee ambacho sijawahi kutaka kukiacha.