Nyumba Yenye Alama ya Kuzidisha

Fundi cherehani aliyepakana na duka langu pale Masasi alikuwa Myao, na kwa kuwa mimi ni Mmakonde, mtani wake, alijipa ruhusa ya kunisema mchana kutwa. Siku alipogundua ninachokifanya kwenye kompyuta wateja wakipungua, alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akatangaza kwa sauti ya kufika stendi: "Jamani, njooni mwone! Wenzake wanachonga mpingo, huyu anachonga hewa."

Hakukosea sana. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto na duka la kuchapa na kutoa kopi, na nilikuwa najenga nyumba za vitofali vya kuchezea ndani ya kioo cha kompyuta. Mke wangu aliyajua haya kabla ya fundi, akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikuogopa kuliko kelele za yule bwana.

Mambo yalianza na robota la mitumba. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, korosho inanunuliwa na kila mwenye lori na mzani, na sokoni vinashuka vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Katika robota moja la vitu vya watoto ulitoka mfuko wa vitofali vya plastiki, vile vyenye vinundu juu, ukikibandika kimoja juu ya kingine vinang'ang'aniana. Niliwanunulia wanangu. Wao walivichoka, mimi sikuvichoka. Taabu ilikuwa moja tu: havikutosha kitu. Ukuta ulianza mwekundu, ukaendelea wa njano, ukaishia hewani bila paa.

Baadaye nilinunua kompyuta iliyotumika, kutoka Dar es Salaam, kwa ajili ya kuchapa barua za watu. Ndani yake mwenyewe wa kwanza alikuwa amesahau programu, kama unavyokuta tiketi ya zamani kwenye mfuko wa koti la mtumba. Niliifungua kwa udadisi. Ilikuwa programu ya vitofali vilevile, ila humo havikuisha. Unachagua rangi, unakibandika unapotaka, unaligeuza jengo ulione nyuma na chini, na ukimaliza inakutolea maelekezo, hatua kwa hatua, ili mwenye vitofali vya kushikika aweze kujenga kama ulivyojenga wewe. Umeme wa Masasi ulikuwa na tabia zake, kwa hiyo nilijifunza kuhifadhi kazi kila nilipomaliza ukuta. Kabla ya kujifunza hivyo nilipoteza msikiti mzima.

Ilipofunguliwa huduma ya intaneti karibu na soko, nilikuta kwamba nchi za watu wako watu wazima kama mimi, wengi, wana mahali pao pa kuonyeshana walichokijenga. Nikapeleka gari dogo la mizigo limejaa magunia ya korosho, na watu wamekaa juu ya magunia. Waliuliza kwa nini watu wamekaa juu. Nikajibu kwamba ndani kumejaa. Jibu hilo liliwafurahisha mno, na mpaka leo sijui kwa nini. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi kwetu nilichekwa, nikatunzwa na watu nisiowajua sura.

Mama yangu wakati huo alikaa Newala, peke yake, katika nyumba aliyoijenga baba kando ya barabara. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, na chini ya ua kulikuwa na kisima. Sisemi kisima cha kuchota maji ya ardhini, maana huko juu mlimani ukichimba utachoka kabla ya kuyaona. Nasema shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, ambamo mvua ya kwenye bati inashuka kwa mfereji na kungojea kiangazi. Baba alilichimba mwenyewe kabla hajainua ukuta hata mmoja. Newala nyumba huulizwa kisima chake kwanza, vyumba baadaye. Hata posa ikija, wazee wa mwanamke wanachungulia uani. Nami kila nilipokwenda kiangazi nilibeba dumu la maji kutoka Masasi, si kwamba mama alikosa, ila mtoto aendaye mikono mitupu hana adabu.

Siku moja alinipigia simu. Simu za mkononi zilikuwa zimefika, na yeye aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto, kwa hiyo alipiga kelele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wamekuja watu wa barabara. Wamenipigia kuzidisha ukutani."

Sikumwelewa. Akarudia: kuzidisha, kwa rangi nyekundu, kubwa, pembeni ya dirisha. Hapo nikakumbuka kwamba mama alijifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na ubaoni mistari miwili iliyopishana ilikuwa na kazi moja tu.

"Mama, hiyo ni eksi. Maana yake nyumba itavunjwa."

"Maana yake naijua. Nimekwambia jina lake."

Nilipanda Newala. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, na nyumba zilizopigwa eksi zilifuatana pande zote mbili kama watu waliopanga foleni. Jirani wawili walishaanza kung'oa milango yao waiwahi. Mama hakuwa ameng'oa kitu. Alikuwa anafagia ua.

Sikuwa na la kufanya. Kwenda ofisini kuuliza, nilikwenda. Nikaambiwa barabara ni maendeleo na fidia itazungumzwa. Kurudi nyumbani nikatoa mfukoni utepe niliouazima kwa fundi, nikaanza kupima kuta. Mama alinifuata nyuma.

"Unapima nini, na wenzako wameshapima?"

Nilimweleza kwamba nataka kuijenga nyumba ndani ya kompyuta. Nilitegemea acheke. Alisimama, akaushika ufagio kwa mikono miwili, akatazama kule uani kwenye mfuniko wa ubao.

"Usisahau kisima," alisema.

Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwenye kazi ya kulipwa. Mlango wa kijani uliopauka niliutafutia rangi mpaka nikaupata. Ufa ulio juu ya dirisha niliutengeneza kwa kuacha kitofali kimoja nyuma. Mfereji ulishuka ulivyoshuka. Chini ya ua nilijenga kisima chenyewe, nikakijaza vitofali vya buluu vinavyopenya mwanga. Na ukutani, pembeni ya dirisha, niliweka eksi nyekundu. Sikufikiri mara mbili. Maisha yangu yote nilikuwa natoa kopi, na mashine ya kopi haichagui: karatasi ikiwa na doa, kopi itakuwa na doa. Nikaipeleka intaneti pamoja na maelekezo yake, chini nikaandika tu kwamba ni nyumba ya mama yangu, kusini mwa Tanzania.

Mama alikuja Masasi muda si mrefu baadaye, akitoka kutazamwa macho hospitali ya Ndanda. Nilimkalisha kwenye benchi la wateja, nikamwonyesha. Fundi naye aliacha cherehani akaja, maana jambo lolote lililotokea dukani kwangu yeye alijihesabu mwanakamati. Mama alikodoa macho. Aliutambua mlango. Aliutambua ufa, akasema yule fundi wa tofali alikuwa mlevi. Halafu akauliza:

"Kisima kiko wapi?"

Nikaishika nyumba kwa kipanya, nikaipindua, paa chini, kisima juu, ili akione vizuri. Mama aliruka kwenye benchi.

"Irudishe! Irudishe, utamwaga maji!"

Fundi alicheka mpaka akajishikiza mlangoni. Mama pia alicheka, kisha akajikaza, akasema bado niirudishe. Nikairudisha. Hapo ndipo alipoiona ile nyekundu pembeni ya dirisha, na kicheko kikaisha.

"Na hiyo umeiweka ya nini?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Wale wana katapila, wana amri, wana serikali. Wewe nani amekulazimisha?"

Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Nikaifuta eksi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza tu, ukuta ukabaki safi. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa, akaomba maji ya kunywa. Lakini ile iliyokwisha kupelekwa intaneti ilikwisha kupelekwa. Niliibadilisha, ila walioichukua mwanzo walikuwa nayo na eksi yake.

Nyumba ilivunjwa kiangazi. Sikuwapo, nilikuwa dukani nachapa fomu za mtu wa Chiwata aliyekuwa na kesi ya mikorosho. Mama alipiga simu, safari hii kwa sauti ndogo, nikalazimika kuziba sikio la pili. Nilimuuliza kuhusu kisima, kwa sababu nilidhani, kwa kuwa kiko chini, kitasalimika.

"Wamekijaza," alisema.

"Wamekijaza nini?"

"Nyumba. Wamekijaza nyumba."

Akaja kuishi kwetu. Tulimpa chumba cha uani, karibu na bomba, nikidhani nimemfanyia jambo jema. Bomba lilitoka maji kwa zamu, na mama alilitazama kwa dharau ya wazi. Aliyaita maji ya kuambiwa. Watu wa Masasi, alisema, wanakaa wanasubiri mtu asiyeonekana awafungulie, na wanajiita watu wa mjini. Mawingu yakikusanyika alitoka kusimama chini ya bati letu, akatazama mvua inavyoanguka ardhini na kwenda zake. Hakulia mbele yangu. Laiti angelia, ningejua la kusema.

Ndipo zikaja picha. Watu kadhaa wa mbali, kila mmoja kwao, walikuwa wamefuata maelekezo yangu na kuijenga nyumba ya mama kwa vitofali vya kweli. Wa kwanza ameiweka juu ya meza ya kulia chakula. Mwingine ameiweka kwenye rafu kati ya vitabu, na mwingine dirishani, nje kweupe kwa theluji. Zote zilikuwa na mlango wa kijani, zote zilikuwa na ufa. Na zote, bila kukosa hata moja, zilikuwa na eksi. Mmoja aliandika kwamba amelipenda sana lile pambo jekundu, akauliza ni nakshi ya kabila gani.

Nilikasirika. Niliondoka pale intaneti bila kujibu, nikatembea mpaka nje ya mji na kurudi. Halafu nikakata shauri kwamba mama azione, kwa kuwa sikuona sababu ya kuzificha. Nilizitoa kwenye karatasi, nikampelekea uani. Alizishika moja moja karibu na jicho lake lililo zima.

"Masikini," alisema. "Hawa nao barabara imewapitia?"

"Hapana, mama. Wamedhani ni pambo."

Alizirudia tena zote, taratibu, akizipanga magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Badala yake midomo yake ilicheza kidogo.

"Nilikwambia mimi ni kuzidisha, ukabisha."

Nikacheka, nikadhani yameisha. Lakini aliinamia karatasi tena, akawa anatafuta kitu pembeni na chini, akaigeuza moja kana kwamba upande wa pili kungekuwa na jingine.

"Kisima kiko wapi?"

Hakikuwapo. Nyumba ikikaa mezani, kisima kitakaa wapi? Wote walikuwa wamekiruka. Mmoja alieleza kwamba aliacha lile bwawa la kuogelea la chini kwa kuwa halikuonekana.

"Wameona eksi," alisema mama, "kisima hawakukiona." Akanirudishia karatasi zote. "Basi hizo si nyumba. Hizo kuta."

Hilo liliniuma kuliko yote, zaidi hata ya kuvunjwa. Kuvunjwa kulikuwa na katapila. Hili lilifanywa na watu wema, kwa kupenda. Nikarudi intaneti, nikawaandikia kwa Kiingereza changu cha barua za ofisi. Nikaeleza eksi ni nini na nyumba iko wapi sasa. Nikaeleza kisima ni nini, kwamba kilitangulia kuta, na kwamba asiye nacho kule hana nyumba. Baadhi waliomba radhi. Baadhi walinyamaza. Yule wa nakshi aliondoa picha yake, na sikumwona tena.

Miezi ikapita. Korosho zikaanikwa, zikanunuliwa, mama akazoea kugombana na bomba. Kisha ikaja picha moja, ya yule mwenye theluji dirishani. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao, akaipandisha nyumba juu yake, na ubavuni mwa sanduku alikata nafasi uone ndani. Mle ndani palikuwa na vitofali vya buluu, vimejaa mpaka juu, na mfereji umefikishwa penyewe. Ukutani pembeni ya dirisha hapakuwa na kitu.

Niliitoa kwenye karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Fundi alidai aibebe yeye, tukaenda nayo uani. Mama aliitazama muda mrefu, na safari hii hakutafuta kitu.

"Huyu anaweza kuishi Newala," alisema.

Fundi akasema kweli, na kwamba yeye angempa mke wa Kiyao kabisa. Mama hakumsikiliza. Alikuwa ameweka kidole pale juu ya maji, pasipo na ubao.

"Mwandikie. Msalimie sana, mwambie nimeiona. Halafu mwambie akifunike, asikiache wazi hivyo. Watoto watatumbukia."

Nilimwandikia yote kama alivyosema, sikupunguza neno. Akajibu kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto, ila amekwisha kukifunika.