Inobat Apandisha Watoto Ghorofani

Kulala sakafuni si aibu hapa Margilan. Sote tumelala sakafuni, na migongo yetu imenyooka kuliko tabia zetu. Taabu ya Inobat haikuwa sakafu, ilikuwa sindano.

Inobat ni jirani yangu, mlango kwa mlango, na kazi yake ni kushona kurpacha, yale magodoro membamba ya pamba ambayo bila hayo hakuna harusi wala mgeni. Chumba chake kikubwa ndicho kiwanda, ndicho sebule, ndicho mahali pa kulala. Mchana anatandaza pamba, jioni anafagia, kisha anawatandikia watoto wake wawili: Hulkar, msichana wa miaka kumi mwenye akili za mtu mzima, na Buri wa miaka minne. Buri maana yake mbwa mwitu. Alizaliwa na jino, na kwetu mtoto wa hivyo hana jina jingine. Mume wake, Dilmurod, ni dereva wa lori, huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Sasa mtu anayeshona na kufagia kila siku ya Mungu, kuna siku atasahau sindano, na sindano iliyosahauliwa lazima impate mtu. Ilimpata Buri, kwa kalio.

Lisingekuwa jambo, maana Buri amewahi kujichoma vibaya zaidi ya hivyo. Bahati mbaya mama mkwe, Bibi Anzirat, alikuwa amekuja siku hiyohiyo kutoka Rishton. Alimlaza mjukuu kifudifudi mapajani, akaing'oa sindano, akainyanyua juu kwenye mwanga sote tuione.

"Inobat, huyu ni mtoto au ni kitambaa?"

"Mama, ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya ina uzi mwekundu?"

Inobat akacheka. Ndivyo alivyoumbwa: akiogopa, anacheka. Siku ya harusi yake alicheka mpaka shehe akafunga kitabu kwanza.

"Cheka," akasema bibi. "Idi nakuja. Nikikuta mtoto huyu bado analala kwenye sakafu hii, naondoka naye Rishton. Nitamlea mimi."

Na kwetu bibi akisema anamchukua mjukuu amlee, hakuna wa kumzuia. Ni heshima. Unatakiwa uinamishe kichwa na ushukuru. Inobat aliinamisha kichwa, akashukuru, akamsindikiza bibi mpaka kwenye gari, akarudi moja kwa moja jikoni kwangu akalia juu ya unga wangu wa somsa, sambusa zetu za tanuri. Siku hiyo sikuongeza chumvi.

"Mtafutie kitanda basi," nikamwambia. "Kilio hakina miguu minne."

"Nikimwekea kitanda Buri, Hulkar naye atataka. Na vitanda viwili vitakaa wapi?"

Kweli. Ukuta mmoja una rundo la kurpacha za wateja mpaka kwenye dari, mwingine una dirisha na jiko la kupasha joto, mwingine mlango. Ilibaki pembe moja tu.

"Kimoja kikae juu ya mwenzake," nikasema, kwa mzaha.

Yeye hakuuchukua kama mzaha. Kesho yake tulikuwa dukani, kwenye vitanda vya ghorofa, na Inobat ana tikiti dogo kwapani. Yale matikiti madogo ya mviringo ya mwanzo wa msimu. Alikuwa amezunguka soko zima akiyalinganisha na kichwa cha Buri, huku wauza matunda wakidhani mtoto ana homa.

Muuza vitanda alikuwa kijana mwenye nywele za mafuta na maneno ya mafuta. Akatupeleka kwenye kitanda chenye umbo la basi, kimechorwa magurudumu.

"Dada zangu, hiki ndicho cha kisasa. Watoto wanakipenda."

"Watoto wanapenda na viberiti," nikamwambia.

Inobat akashika nguzo akakitikisa. Kitanda kikalia kama punda aliyesahauliwa juani. Akapanda ngazi hatua moja akashuka haraka. Vipandio vilikuwa vyembamba na duara kama penseli, mguu unateleza. Kisha akatoa tikiti lake, akalisukuma kati ya mbao za ukingo wa juu. Halikupita. Akalisukuma tena kwa goti.

"Dada, unafanya nini?"

"Napima kichwa. Tazama, hakipiti! Angalau hapa mtoto ni salama."

"Mama," ikasema sauti juu yetu, "mimi nimepita!"

Tukatazama. Tulipokuwa tukishughulika na tikiti, Buri alikuwa amepanda upande wa pili, akaingiza miguu kwenye uwazi uleule, miguu ikapita, tumbo likapita, mikono ikapita, na kichwa, kile tulichokuwa tumekipima vizuri, kikabaki ndani. Ananing'inia nje ya kitanda kama kanzu kwenye kamba, kidevu juu ya ubao.

Nilimdaka miguu nikaiinua kabla sijajua kama nina mikono. Muuzaji akamshika kichwa akavuta.

"Achia! Unataka kutugawia?" nikamfokea.

"Msivunje ukingo, jamani, ni bidhaa!"

"Nitakuvunja wewe, bidhaa gani!"

Inobat alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, huku akimgeuza mtoto ubavu, polepole, tukamrudisha njia aliyoingilia, makalio mbele. Alitoka mzima, sikio moja jekundu kama komamanga, akauliza kama anaweza kurudia.

Tuliketi nje ya duka tukalila lile tikiti, maana lilikuwa limeshapasuka.

"Nimepima kichwa," Inobat akasema, "kumbe mtoto anatangulia miguu. Uwazi uwe wa kupita ngumi tu. Makalio yasipite. Makalio yakizuiwa, kichwa hakina safari."

Nikamtazama. Mdomo una mbegu za tikiti, lakini alikuwa amesema kweli tupu.

Maduka mengine yalikuwa yaleyale: hiki ukingo upande mmoja tu, ati upande wa pili kuna ukuta, kana kwamba mtoto hawezi kudumbukia kati ya ukuta na kitanda, kile kimechongwa vinundu juu ya nguzo, vizuri kwa kunasa kola ya shati, kingine ukikaa chini unagonga utosi. Idi inakaribia. Ndipo Inobat akaenda kwa Fundi Sotvoldi, mzee anayetengeneza beshik, vile vitanda vya kubembelezea vichanga. Nusu ya Margilan imenyonyeshwa ndani ya beshik zake.

"Mimi ni mtu wa beshik, binti yangu," mzee akasema. "Kitanda cha ghorofa nenda kwa wajenga ghorofa."

"Baba, beshik yako imewahi kumwangusha mtoto?"

"Mtoto amefungwa mikanda, ataangukaje?"

"Basi nitengenezee beshik mbili, moja juu ya nyingine, bila mikanda."

Mzee akaweka chini kikombe cha chai. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumtania vizuri namna ile kwenye kazi yake. Akaanza kuuliza, Inobat anajibu kwa mwili: ukingo pande zote nne, urefu wake kutoka ubaoni mpaka hapa, akaonyesha mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Uwazi, ngumi. Vipandio vya ngazi bapa na vipana, unyayo mzima wa Hulkar ukae. Pembe zote zisuguliwe. Maungio ya skrubu, si misumari ya kubahatisha. Binti alale juu, mdogo alale chini, na asiye na umri wa kutosha hapandi hata akilia damu.

Kililetwa kimepakwa rangi nyekundu na njano, maua ya kijani kwenye nguzo, kama beshik hasa, ila kubwa kama lango la msikiti. Kikafungwa pembeni. Inobat akakitikisa. Hakikutoa sauti. Mimi nikakitikisa, na mimi si mwepesi. Kimya. Hulkar akalala chini kujaribu, Buri akaketi juu kwa ruhusa maalumu, mama yake amemshika mguu.

"Mama," Hulkar akasema kutoka chini, "mbona namwona Buri makalio?"

Tukainama. Katikati ya ubao wa juu palikuwa na tundu. Duara safi, limesuguliwa laini kama sahani. Sasa, kila beshik duniani ina tundu hilo, chini yake unaweka kopo, kichanga kinafanya haja zake kwa amani na godoro linabaki kavu. Mikono ya mzee ilikuwa imelikata yenyewe, kwa mazoea, wakati kichwa kikiwaza skrubu.

"Na kopo," Hulkar akauliza, "ni mimi?"

Tulicheka mpaka jirani wa chini, Hursanoy, akagonga bomba la maji kwa kijiko, kisha akapanda mwenyewe kuona, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Fundi alipoitwa alivua kofia, akalitazama tundu lake kwa muda.

"Limetoka vizuri lakini," akasema. Akaliziba siku hiyohiyo.

Ubaya ni kwamba Hursanoy alikuwa ameshakiona kitanda. Na Hursanoy akiona rangi nyekundu na njano, mdomo wake unaanza karamu. "Beshik haiingii nyumbani bila sherehe!" Jengo zima likakubaliana. Na kwenye sherehe ya beshik wanawake hawaji mikono mitupu, wanakuja na kurpacha. Siku ya Idi kila mlango ulileta yake, ya hariri, ya mahameli, nene kama mkate. Na ziende wapi? Juu, bila shaka, kwa sababu kwetu ukimheshimu mtu unamrundikia. Inobat mwenyewe alikuwa amemshonea Hulkar moja kutoka pamba mpya, mshono kwa mshono kama shanga, kazi bora kuliko zote nilizomwona nazo. Ikawekwa kwenye kilele. Tulisimama tukaburudisha macho. Si yeye, si mimi, hakuna aliyetazama ukingo.

Bibi Anzirat akafika na joho lake la mahameli. Nje, mpwa wake alibaki kwenye gari, na nilimsikia bibi kwa masikio yangu akimwambia: "Usizime injini."

Aliingia, akakizunguka kitanda kama mtu anayenunua ng'ombe. Akamchukua Buri akamlaza kitanda cha chini, kinyume makusudi, kichwa kwenye miguu na miguu kwenye mto, kama desturi ya beshik inavyotaka.

"Hivi?" akauliza.

"Siyo!" tukapiga kelele.

Akamgeuza kifudifudi. "Hivi?"

"Siyo!"

Akamlaza sawasawa. "Hivi?"

"Ndivyo!"

Vigelegele. Inobat uso ulianza kupata damu. Kisha bibi akavua viatu.

"Na huko juu? Kabla mtoto hajalala, mzee alale."

"Mama, magoti yako!"

"Magoti ni yangu." Akapanda. Ngazi haikulalamika, bora kuliko yeye. Akakaa juu ya rundo, kilemba kinasugua dari, akatazama chini alipoketi. Ukingo ulikuwa unamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Inobat."

"Bee, mama."

"Ukingo huu unalinda nini? Soksi zangu?"

Nje gari lilikuwa linanguruma. Sote tuliokuja na kurpacha tukatazama zulia, na mimi ya kwangu ilikuwa nene kuliko zote isipokuwa moja.

Inobat akacheka. Kicheko kile chake. Halafu akapanda kipandio cha kwanza, akashika ya chini kabisa kati ya kurpacha za wageni akaivuta kwa nguvu zote, na bibi akashuka kidogo kama mkate uliokosa hamira.

"We! Hiyo ni ya kwangu!" Hursanoy akalia.

"Nzuri sana, shoga. Itakulalisha vizuri kwako." Akamgeukia bibi. "Mama, hivi?"

Bibi akapima ukingo kwa mkono. Sisi tukajibu, hatukujizuia: "Siyo!"

Akavuta nyingine. "Hivi?"

"Siyo!"

Akavuta ya kwangu, bila hata kuniomba radhi, na nikapiga kelele "Siyo!" kuliko wote. Kurpacha zinaruka, watoto wanazirukia, bibi anazama huku ameshika kilemba, ukingo unapanda: magoti, kiuno. Ikabaki ile ya pamba mpya, na chini yake moja nyembamba kuukuu, iliyotandikwa kabla ya wageni. Hapo mkono wa Inobat ukasimama.

"Hiyo vipi?" bibi akauliza.

"Hii niliishona mimi, mama."

"Ndiyo maana nauliza."

Inobat akaivuta. Bibi akatua kwenye ile nyembamba, akajinyoosha, na tusimwone tena ila ncha ya pua.

"Hivi?"

"Ndivyo!" Nadhani hata Rishton walisikia.

Bibi hakutosheka na kelele zetu. Akajiviringisha kulia, akagonga ukingo. Akajiviringisha kushoto, akagonga ukingo wa ukutani. Akapitisha ngumi kati ya mbao, akajaribu goti, likakataa. Kisha mkono ukatokea juu ukamwaga peremende za sherehe juu yetu kama mvua ya mawe, na kwa muda hapakuwa na heshima tena, watu wazima tulitambaa na watoto. Honi ikapigwa nje.

"Mwambieni azime gari aje ale," sauti ikasema kutoka darini.

"Mama, ushuke basi, pilau iko tayari," Inobat akasema.

"Nishuke wapi? Kupanda niliweza. Kushuka sijajifunza. Lete pilau huku."

Tukampandishia sahani, na chai, na mkate. Alikula amejilaza ubavu kama malkia, akitulaumu kwamba mchele umekauka. Chini yake Buri alikuwa amelala chali, miguu juu, anapiga ubao kwa nyayo, du, du, du.

"Nani huyo ananipiga mgongo?"

"Buri, mama," Inobat akasema, akimkimbilia. "Buri, acha!"

"Mwache wewe," akasema Bibi Anzirat, mdomo umejaa pilau. "Si yuko kwake?"