Punje ya Udongo Iliyovuja

Ta. Kimya. Ta-ta. Kimya. Halafu ta-ta-ta-ta, kama mtu anayetetemeka meno kwa baridi. Sauti hiyo bado ninayo masikioni. Ilitoka kwenye swichi ndogo ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga, ile inayowasha na kuzima taa za kutia joto. Mwanzoni ilikuwa ikilia kwa mpangilio, mpaka nikaizoea kuliko jogoo. Siku ilipoanza kubabaika, na mimi nikaanza kubabaika.

Mashine ni jina la heshima tu. Lilikuwa kabati la mbao aliloniundia seremala wa hapa Runazi, na ndani tulifunga saketi, kibao cha umeme chenye swichi na kipimajoto, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Niliiweka karibu kabisa na taa, ili mende na vumbi visiifikie. Nikaona nimeihifadhi.

Mayai yalikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba, ninayeishi naye tangu nilipomaliza darasa la saba. Alitoka Kibimba, kule Ngara, na kazi yake ni kufinyanga vyungu. Nilimsimulia habari ya banda nitakalojenga, lenye sakafu ya saruji na vifaranga kama kumbikumbi, naye akaacha kupeleka mayai sokoni, yote akanipa mimi. Akasema tu, "Haya, mama. Usije ukanipikia supu ya ndoto."

Sasa swichi ikawa inazima taa kabla ya wakati. Namba kwenye kioo zinasema joto limetosha, thelathini na saba kamili. Naingiza mkono, naona ubaridi. Natoka nje, narudi. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Shangazi akachukua yai moja, akaligusisha kwenye kope la jicho, maana anasema kiganja cha mfinyanzi kimeshaungua hakijui joto tena. Akalirudisha polepole.

"Hiyo namba inakudanganya," akasema.

Tukakubaliana kwamba yeye abaki na mayai, mimi nipeleke saketi Biharamulo mjini. Alijaza maji moto kwenye chungu chake kikubwa, akakiingiza kabatini, akafunika kwa vitenge, akavuta kigoda akaketi pale kama anayeuguza. Mimi nikapanda bodaboda, saketi nimeipakata ndani ya kanga. Njia nzima nilikuwa namsukuma dereva kwa mawazo.

Fundi wa redio nilimkuta anakunywa chai. Nikamwamkia, akaipokea saketi, akaigusagusa kwa kipimo chake, sehemu moja baada ya nyingine. Akaniambia haina tatizo, labda waya zangu zimelegea, na akanitania kwamba hata kuku siku hizi wameacha kazi wakatuachia sisi. Nilicheka, lakini miguu ilikuwa haitulii chini ya meza. Nilikuwa naliona yai kwenye kope la shangazi.

"Fundi," nikasema, "kule inakaa kwenye joto. Hapa imeshapoa."

Akanitazama. Akawasha pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya, akaisogeza karibu na saketi bila kuigusa, kipimo kikiwa mkono wa pili. Mshale ulikuwa umelala. Ukatikisika. Ukaanza kupanda.

"Aa, kumbe ni wewe," akaiambia saketi.

Ncha ya kipimo ilikuwa juu ya kapasita, kadude kadogo kama punje ya ulezi. Akanieleza kwamba ndani yake mna udongo maalumu uliochomwa, tabaka juu ya tabaka, na kazi yake hapo ni kuzuia umeme usipenye. Ukikaa kwenye joto siku zote, umeme nao ukiusukuma siku zote, udongo ule huchoka taratibu, ukaanza kuvujisha. Haupasuki wala haunuki, na ukipoa unajifanya mzima. Uvujaji huo ndio uliokuwa ukiiambia swichi kwamba mayai yameshiba joto.

Akaweka mpya. Ile mbovu nikaiomba, akanifungia kwenye kipande cha gazeti, akinicheka.

Niliporudi shangazi alikuwa bado kwenye kigoda, ameshabadilisha maji mara kadhaa, macho mekundu kwa moshi wa jiko. Saketi tukaifunga nje ya kabati, ubavuni, penye upepo. Swichi ikalia ta, ikatulia, ikalia tena kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Kila kazi niliiachia katikati nikachungulie.

Mayai mengine hayakufunguka. Lakini asubuhi moja ganda lilitoboka, kikatokea kidomo, na shangazi akakaa chini kwenye sakafu, mkono mdomoni. Baadaye akajifunga kanga akaenda kuwaita majirani waje waone.

Nilipobaki peke yangu nilikifungua kile kipande cha gazeti. Nikaenda nyuma ya jiko, kwenye lundo la vigae ambako shangazi hutupa vyungu vyake vilivyoshindwa kukaa na maji. Nikatafuta kigae chenye kishimo, nikaiweka punje ile humo, nikaifunika kwa kigae kingine.